Themali kwa Wenye Kiwiliwili Kirefu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, Moshi na Arusha

Kuna watu ambao kila fulana huwakatikia kiunoni. Wakiinama mgongo uko nje, wakinyoosha mkono kitovu kinaonekana. Mjini hilo ni suala la mwonekano tu. Ukiwa juu ya kambi ya Barafu, Kilimanjaro, saa nane za usiku, upepo ukiingilia hapo mgongoni, ni suala la kumaliza safari au kurudi. Majibu haya kuhusu themali, yaani nguo za ndani za kuzuia baridi zinazogusa ngozi, ni kwa ajili yao: wapagazi, waongoza watalii, wapandaji wa hapa nyumbani, na hata waendesha bodaboda wanaotoka alfajiri mwezi wa saba.

Nitajuaje kama kiwiliwili changu ni kirefu, au mimi ni mrefu tu?

Kaa kwenye benchi na mtu mnayelingana mkisimama. Kama mkikaa wewe unamzidi, urefu wako uko kiwiliwilini, si miguuni. Unaweza hata kuwa mtu wa kimo cha kawaida kabisa na bado ukawa na tatizo hili, na ndiyo maana wauzaji wengi hawaelewi unapowaambia fulana ni fupi. Wanakutazama na kuona mtu wa saizi ya kati.

Kwa kipimo cha uhakika, inamisha kichwa, gusa ule mfupa unaojitokeza nyuma ya shingo. Shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba vikiwa nyuma, juu ya mifupa ya nyonga. Mwenzako aweke futi ya fundi kwenye mfupa wa shingo na kuishusha kwa kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa vidole gumba. Watengenezaji wa mabegi ya mlimani hutumia kipimo hichohicho, na kwa mabegi mengi mgongo unaozidi sentimita 51 hivi huhesabiwa kuwa mrefu. Andika namba yako kwenye simu. Utaihitaji sokoni.

Si ninunue tu saizi kubwa zaidi?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Ukipanda saizi moja unapata upana mwingi na urefu kidogo sana. Fulana inakuwa pana kifuani, mabega yanashuka, mikono inajaa, na pindo limeongezeka sentimita mbili au tatu tu.

Ubaya wenyewe ni huu: themali hufanya kazi kwa kugusa ngozi. Inanyonya jasho, inalisambaza kwenye kitambaa, jasho linakauka. Ikipwaya, jasho linabaki mwilini, na kila ukipiga hatua hewa yenye joto inasukumwa nje kupitia shingoni na kiunoni huku ya baridi ikiingia. Unakuwa umevaa nguo nene ambayo haikupi joto. Kinachotakiwa ni urefu bila upana. Mengine yote kwenye ukurasa huu yanatokana na hilo.

Pindo linatakiwa lifike wapi?

Ukiwa umesimama, lifike angalau usawa wa kinena kwa mbele na lifunike nusu ya makalio kwa nyuma. Hiyo ndiyo akiba itakayobaki ndani ya suruali ukianza kusogea.

Usiishie kujitazama kwenye kioo. Chomekea fulana, kisha nyanyua mikono yote miwili juu kabisa. Inama ufunge kamba za viatu. Chuchumaa. Kama kwenye lolote kati ya hayo fulana imechomoka, iache. Mpagazi afanye na jaribio la ziada: aweke kitu kichwani na akishikilie kwa mkono mmoja kama anavyobeba mzigo. Mkono ukikaa juu kwa saa nzima, upande huo wa fulana hupanda pole pole mpaka ubavu unabaki wazi, hata kama fulana ilionekana kutosha alipokuwa dukani.

Na kama unabeba begi la mgongoni, livae. Mkanda wa kiunoni wa begi huvuta kitambaa juu kila unapopumua na kupanda. Fulana inayotosha bila begi inaweza isitoshe kabisa ukiwa nalo.

Kwani baridi yenyewe ni kiasi gani?

Joto hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hadi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Kutoka Moshi mjini hadi Kilele cha Uhuru, mita 5,895, kuna tofauti ya karibu mita 5,000, yaani zaidi ya nyuzi 30. Kama Moshi usiku ni nyuzi 20, kileleni unakaribia nyuzi 10 chini ya sifuri au kuzipita, na bado hujahesabu upepo. Wengi huanza safari ya kilele kama saa sita za usiku, kutoka kambi ya Barafu au ya Kibo, ili wafike kunapokucha. Ni saa za baridi kali zaidi, na unatembea polepole sana kwa hiyo mwili hautengenezi joto la kutosha. Mlima Meru, wenye mita zaidi ya 4,500, nao usiudharau. Upepo wa kwenye ukingo wake alfajiri ni mkali.

Kwenye mtumba nitafute wapi, na nitafute nini?

Moshi, anzia Memorial, kisha Kiboriloni. Arusha, zunguka Kilombero, na Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi. Fika asubuhi, belo zinapofunguliwa. Themali ni nyepesi na hazivutii macho, kwa hiyo mara nyingi zinarundikwa pamoja na taiti, nguo za kulalia na fulana za mazoezi. Usiulize tu "mna themali?" maana wengine watakuambia hakuna huku zimelala chini ya rundo. Chambua mwenyewe.

Tafuta kwanza nguo za waendesha baiskeli na za wachezaji wa kwenye theluji. Mwendesha baiskeli anainama siku nzima, hivyo fulana yake hukatwa ikiwa ndefu nyuma kuliko mbele. Ile ya kwenye theluji nayo hukatwa ndefu ili ibaki ndani ya suruali mtu akianguka na kuinuka. Fulana za wakimbiaji ziache, hata zikiwa nzuri namna gani. Nyingi ni fupi kwa makusudi.

Kunja fulana kwa urefu, iweke juu ya meza, pima kutoka kwenye bega pale linapokutana na kola hadi kwenye pindo. Themali nyingi za kiume za saizi ya kati huwa karibu sentimita 70. Mwenye kiwiliwili kirefu anahitaji 75 au zaidi. Usiivute unapopima, kwa sababu kitambaa kikivutwa kwa urefu kinapungua upana, na ukikivaa mwilini kinatanuka upana na kupungua urefu.

Kisha inyanyue uielekeze kwenye jua. Ukiona mwanga unapita kwapani, viwikoni au pale mkanda wa begi ulipokuwa ukisugua, kitambaa kimechoka na kitatoboka. Nusa pia kwapa. Poliesta iliyoshika harufu kwa miaka haitoi harufu hiyo kwa sabuni ya kawaida.

Jambo moja la kuzingatia: kati ya mtumba hutokea nguo za majeshi ya nje, na nyingine ni ndefu na nzito kweli. Yenye mabaka ya kijeshi usiiguse. Raia hapa nchini haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na za jeshi, na kuivaa ndani ya jaketi hakukuokoi utakapolivua.

Lebo zina herufi na namba nisizozielewa. Zinasaidia?

Zinasaidia sana, na wauzaji wengi hawazijui, kwa hiyo hawapandishi bei.

Kwenye nguo za Marekani, tafuta herufi T baada ya saizi: MT, LT, XLT. Hiyo ni saizi ile ile ya kifua lakini kiwiliwili kimeongezwa, mara nyingi kama sentimita 5, na mikono nayo ni mirefu zaidi. LT kwa mtu mwembamba wa kiwiliwili kirefu ni bahati.

Kwenye nguo za Ujerumani kuna utaratibu mwingine. Saizi za kawaida za wanaume ni 48, 50, 52. Saizi za watu warefu wembamba zinaandikwa 94, 98, 102, 106. Yaani 98 ni 50 iliyorefushwa, na 102 ni 52 iliyorefushwa. Za wanawake warefu ni saizi ya kawaida mara mbili: 76 ni 38 ndefu, 80 ni 40 ndefu. Ukikuta 24, 25 au 26 kwenye nguo ya kiume, hizo ni za watu wafupi, zirudishe. Namba hizi utazikuta zaidi kwenye suruali na makoti kuliko kwenye fulana, lakini suruali ya 98 ina kiuno kinachopanda juu, na hiyo ni nusu ya suluhisho.

Tahadhari na L iliyo kwenye suruali kama W32 L34. Hiyo inapima mguu kwa ndani. Haikuambii lolote kuhusu kiwiliwili.

Sufu au poliesta?

Ukipata sufu ya merino ndefu, chukua. Nyuzi zake ni laini, haziwashi, zinaweza kubeba unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake kabla hujahisi umelowa, na hazinuki haraka. Kwenye safari ya siku sita au saba bila kuoga, faida hiyo wataiona na wenzako hemani. Uzito hupimwa kwa gramu kwa mita ya mraba: 150 ni nyepesi, 200 ya kati, 250 nzito. Kwa Kilimanjaro mimi napendelea 200 kwa kutembea na 250 kwa usiku wa kilele.

Poliesta inakauka haraka kuliko sufu, ni imara chini ya mikanda ya begi, na ni rahisi kupatikana. Kwa mpagazi anayetoka jasho kila siku na kufua jioni, poliesta yenye nyuzi za kuvutika kidogo ndiyo inayomfaa zaidi.

Pamba, hapana. Ikilowa jasho inabaki imelowa.

Fundi cherehani anaweza kuirefusha?

Anaweza, na kwa maoni yangu hii ndiyo njia bora kwa mtu wa Moshi au Arusha. Themali inayokukaa vizuri kifuani na mikononi lakini fupi ni rahisi kuipata. Urefu unaongezwa. Ila kuna mambo fundi asipoyazingatia atakuharibia, hasa kama amezoea kushona vitenge na sare za shule.

Tafuta fulana ya pili ya kitambaa kinachofanana, hata iliyotoboka juu, mradi sehemu ya chini ni nzima. Fua zote mbili kabla ya kushona, vinginevyo kipande kimoja kitarudi na kingine kitabaki, na mshono utakunjamana. Kata pindo la zamani kwenye fulana yako, maana likibaki litakuwa tuta chini ya mkanda. Kutoka ile ya pili kata mzunguko mzima wa sehemu ya chini, sentimita 14 hivi, pindo lake likiwemo. Ukishaondoa sehemu inayoingia kwenye mshono, na lile pindo ulilokata, unabaki na nyongeza ya karibu sentimita 10.

Upande unaovutika zaidi lazima uzunguke mwili. Kikigeuzwa, kipande kitabana nyonga na kupanda chenyewe.

Fundi atumie ovaloki au zigizagi. Mshono wa kawaida ulionyooka utakatika siku ya kwanza utakapochuchumaa, kwa sababu kitambaa kinavutika na uzi hauvutiki. Uzi uwe wa poliesta. Sindano iwe ile yenye ncha ya duara, ya vitambaa vya kuvutika. Sindano kali hukata nyuzi, na baada ya kufua mara chache unaona safu ya vitundu kandokando ya mshono.

Mshono ukae wapi? Vaa fulana, funga begi lenye mzigo kama wa safari, na umwombe fundi apige chaki pale mkanda wa begi unapopita juu ya mfupa wa nyonga. Mshono uwe chini ya chaki kwa vidole vitatu au zaidi. Ukikaa chini ya mkanda wenyewe, siku ya pili una kidonda. Na mshono utazame nje, ngozi iguse upande laini. Utaonekana kama umevaa fulana kinyume, lakini hakuna atakayeiona chini ya sweta na jaketi.

Taiti au suruali ya ndani nayo ina shida?

Ina shida ileile kutoka chini. Mtu wa kiwiliwili kirefu akivaa taiti ya kawaida, lastiki inaishia chini ya nyonga na uwazi unakuwa mkubwa pande zote mbili, juu na chini. Tafuta yenye kiuno kinachopanda hadi kitovuni. Ukiwa umekaa, lastiki ibaki mgongoni na isiteremke. Kama miguu ya taiti inakuwa mirefu kwako, ni kawaida kwa wengi wenye umbo hili. Kata na upinde, au ikunje ndani ya soksi ikiwa haikubani kifundoni.

Na zile za kipande kimoja, kuanzia shingoni hadi miguuni?

Ziogope mpaka uwe umeijaribu. Kwa maelezo ni suluhisho kamili, hakuna uwazi kiunoni. Kwa mwili mrefu, nguo inavuta mabegani na kinenani kwa pamoja, na baada ya saa chache ni mateso. Kipimo chake ni tofauti: futi inaanzia begani, inashuka mbele, inapita kati ya miguu, inapanda mgongoni hadi pale ilipoanzia. Kama nguo haifikii kipimo hicho bila kuvutwa kwa nguvu, iache. Fikiria pia kwenda msalani usiku kwenye baridi ukiwa umeivaa.

Mimi ni mpagazi, na kununua siwezi kwa sasa.

Nenda KPAP (Kilimanjaro Porters Assistance Project), mradi wa kusaidia wapagazi, hapo Moshi. Huwaazima wapagazi nguo za mlimani bila malipo, na zinarudishwa baada ya safari. Fika mapema, siku moja au mbili kabla ya kuondoka, na useme wazi kwamba shida yako ni urefu wa kiwiliwili. Anayekuhudumia akikuangalia tu atakupa saizi ya kifua chako. Waambie pia wenzako kwenye kundi. Wageni wengi mwishoni mwa safari huwaachia wagumu, yaani wapagazi, nguo zao, na kati ya wageni kuna warefu wengi, lakini fulana ndefu huishia kwa mtu mfupi kwa sababu hakuna aliyejua kuwa wewe unaihitaji.

Themali za kike ni fupi zaidi. Nifanyeje?

Dada mwenye kiwiliwili kirefu atafute za kiume za saizi ndogo, S au hata XS. Zina urefu zaidi na nyingi huvutika vya kutosha nyonga zipite. Angalia mabega tu: mshono wa bega ukishuka hadi kwenye mkono, ni pana mno. Ikiwa nyonga zinabana na fulana inapanda, mwambie fundi apasue pembeni kwa sentimita 8 kutoka chini. Pindo likipata nafasi litatulia.

Naendesha bodaboda, sipandi mlima. Haya yananihusu?

Yanakuhusu. Arusha iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,400, na kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri ni baridi. Ukiongeza na mwendo wa pikipiki, ni upepo mfululizo. Umekaa ukiinamia mbele, mikono imenyooka, kwa hiyo jaketi na fulana vyote vinapanda. Kwako nguo za baiskeli, ndefu nyuma, ndizo hasa.

Nikinunua mtandaoni?

Jedwali la saizi mara nyingi linakupa kifua, kiuno na nyonga, basi. Urefu wa nguo yenyewe haumo. Muulize muuzaji kwa ujumbe: "Naomba uitandaze, unipimie kutoka begani karibu na kola hadi pindo, unitumie na picha futi ikionekana." Anayekataa kufanya hivyo, mwache. Kwa vitu vya kutoka nje, uliza mapema gharama za usafirishaji na ushuru, kwa sababu zikijumlishwa pamoja zinaweza kuzidi bei ya fulana mbili za mtumba pamoja na fundi.

Nifueje isirudi?

Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi zake zinashikana na nguo inarudi, na huwezi kuirefusha tena. Tumia maji ya baridi, sabuni kidogo, ikamue kwa kuikandamiza bila kuisokota. Itandaze juu ya mkeka kivulini. Ukiianika kwenye kamba ikiwa imelowa inavutika kwa uzito wa maji, na inavutika vibaya, mabegani na pembeni. Poliesta unaweza kuianika utakavyo, ila pasi ya mkaa isiikaribie.

Napanda keshokutwa na sijapata ndefu. Kuna la kufanya?

Lipo. Chukua sweta la zamani la kitambaa chepesi cha kuvutika, kata sehemu ya tumbo, kipande cha duara chenye urefu wa sentimita 30. Kivae kama mkanda mpana kuanzia chini ya mbavu hadi nyonga, juu ya themali yako fupi na juu ya lastiki ya taiti. Wajapani huvaa kitu cha namna hii, haramaki, na kinaziba uwazi wote wa kiunoni. Hakiongezi uzito na ukipata joto unakivua bila kuvua jaketi zima.

Cha pili, kwenye maduka ya kukodisha vifaa ulizia suruali ya theluji iliyo na kifua na mikanda ya mabegani badala ya ile inayoishia kiunoni. Mgongo wake unapanda hadi katikati ya mbavu. Ijaribu ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa usiku wa kilele, urefushe mikanda, kisha uchuchumae palepale dukani. Ikivuta mabegani, omba saizi nyingine kabla hujalipa.